Dionis Maganga, Aliyeuliza Watu Wameona Nini

Tarehe 30 Juni 1957 Bwana Dionis Maganga atakabidhi funguo za gari la sinema, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya habari hapa Tabora kwa miaka ishirini na moja na miezi minne. Gari lenyewe limechoka kabla yake. Fundi wetu Yahaya anadai kwamba siku hizi linawaka kwa kumstahi Mzee tu, na kwamba dereva mpya aanze kuzoea kusukuma. Nimeombwa niandike ukurasa mmoja. Wanaonifahamu wanajua kuwa ukurasa mmoja ndio kipimo changu cha kila jambo, na leo nitakivuka kwa sababu nitakayoieleza.

Mzee Dionis aliajiriwa Machi 1936 akiwa msomaji. Kila lilipofika gazeti la serikali, alisimama sokoni akalisoma kwa sauti, tangu tangazo la kwanza hadi bei ya karanga. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyefika Ujiji mara nne na pwani mara mbili, na Mzee hupenda kusema kwamba zamani habari ilifika mjini kwa miguu, tena ukiitilia shaka ulimkalisha mpagazi, ukamuuliza mpaka jasho limtoke. Gazeti haliulizwi. Kwa hiyo yeye akageuza mambo, akaanza kuwauliza wasikilizaji.

Wakati wa vita tulifungiwa kipaza sauti sokoni, habari za redio zikawa zinamwagika kila siku saa kumi jioni. Mzee alikuwa akipita baadaye na daftari lake akiuliza watu wamesikia nini. Siku moja ilisomwa habari ndefu ya meli zilizozamishwa. Bwana Fakhrudin, mwenye duka la nguo, alisikia kwamba kitambaa cha marekani kitaadimika, akafunga mlango na kuficha majora. Mama mmoja mwenye mwana jeshini alisikia kwamba walionusurika walikuwa wengi, ingawa msomaji alitaja idadi ya waliokufa tu. Mwalimu wa kwaya wa Kimoraviani alilalamika kwamba wimbo ulikatwa katikati. Wote watatu walisimama chini ya mlingoti mmoja. Mimi niliyasoma majibu hayo nikacheka, nikadhani Mzee ana mchezo wake wa kupitisha siku.

Gari la sinema lilikuja mwaka 1948, naye akapewa usukani, mashine na kipaza sauti kwa pamoja. Hapo ndipo alipoweka desturi ambayo wengi wetu tuliiona ya ajabu. Sinema ikiisha alifunga vyombo akalala palepale kijijini. Asubuhi, watu wakiwa kwenye uji, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, “Jana umeona nini?” Hakuuliza kamwe kama wameelewa, kwa sababu alisema mtu wa serikali akikuuliza umeelewa, utaitika tu ili aondoke. Kule seminari ya Kipalapala aliwaonyesha mafrateri filamu ya kufyeka mapori ya mbung’o. Asubuhi waliyoyakumbuka hayakuwa mbung’o, bali kwamba nyuma ya wafyekaji walipita watu waliovaa nguo za kanisani, basi ile ilikuwa Jumapili na watu wale wanafanya kazi. Mjadala ulichukua asubuhi nzima. Mzee aliyaandika yote bila kumcheka mtu, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Sasa nije Ziba.

Mwezi wa Agosti 1951 tulipelekewa filamu ya chanjo ya sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng’ombe. Ng’ombe wagonjwa, daktari wa mifugo, sindano, kisha ng’ombe wazima wakipita mmoja mmoja ndani ya ua mwembamba wa miti. Filamu nzuri, yenye maelezo ya Kiswahili safi. Mzee aliionyesha Ziba mbele ya watu mia nne, wakashangilia. Asubuhi akaenda kwa Mzee Bundala, mfugaji anayeheshimiwa pale, akamwamkia, akauliza swali lake. Jibu nimelinakili kutoka daftari namba tisa: “Mwanangu, sindano sikuiona. Niliona ua. Ua wa namna ile, mwaka juzi, ng’ombe wangu waliingia kumi na wanane wakatoka kumi na wawili, wale sita wakapelekwa mnadani, na hakuna aliyeniuliza. Filamu yenu imesema kweli, imetuonya mapema.” Nyumba kumi na moja zilijibu vivyo hivyo. Mama mmoja tu ndiye aliyeona jambo jingine, kwamba mwanamke wa kwenye filamu alichota maji akiwa amevaa viatu.

Mzee aliandika taarifa ya kurasa mbili na nusu. Aliomba wachanjaji wasijenge ua Ziba hata kidogo, waende kwenye maboma ya watu wenyewe, la sivyo ng’ombe watahamishwa.

Taarifa hiyo ililetwa kwangu niipige chapa. Fomu yetu ilikuwa na mistari mitatu: mahali, idadi ya watu, na kama walipendezwa. Nikapiga: Ziba, mia nne, walipendezwa sana. Zile kurasa nikazitia kwenye mtoto wa meza. Sikuwa na nia mbaya na Mzee, wala sikuwa na haraka siku ile. Nilikuwa karani ninayependa karatasi safi, na ofisa wetu alipenda habari njema. Niliona urefu wa taarifa, kama Mzee Bundala alivyoona ua. Sikuona ng’ombe hata mmoja.

Wiki tatu baadaye wachanjaji walifika na shehena ya miti, wakajenga ua mzuri kama ule wa kwenye filamu. Mifugo yote ilikuwa imeshavushwa mbuga ya Wembere, na huko ndiko sotoka ilikoikuta. Mzee Bundala alipoteza ng’ombe thelathini na wanane. Uchunguzi ulipofanywa, fomu yangu ilitolewa kama ushahidi: watu walipendezwa sana, kwa hiyo aliyewaeleza ndiye aliyeeleza vibaya. Mzee Dionis alisema aliandika taarifa, akaambiwa haipo. Alipewa barua ya onyo, akanyang’anywa gari mwaka mmoja na nusu, akarudishwa sokoni kusoma bei ya karanga. Kurasa zilikuwa hatua sita kutoka pale alipokuwa amesimama akijibu maswali, nami nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilinyamaza. Nimeona haya kila siku tangu siku ile.

Aliporudishiwa gari mwaka 1953 aliomba ruhusa ya kwenda Ziba kabla ya mahali pengine popote. Hakuchukua filamu. Alikwenda na mchanjaji mmoja na sindano zake, wakaingia boma kwa boma, na Mzee Bundala akamshikilia mwenyewe ng’ombe wa kwanza kati ya saba aliobakiwa nao. Mwaka uliofuata fomu yetu iliongezewa nafasi ya ukurasa mzima, yenye kichwa kisemacho “Watu wameona nini.” Makarani vijana hudhani fomu ilikuwa hivyo tangu zamani. Leo wajue ilitoka wapi.

Barua ile ya onyo bado imo katika jalada lake. Mwezi uliopita nilimwendea ofisa wetu wa sasa nikamweleza yote, nikamwonyesha kurasa mbili na nusu, ambazo sikuwahi kuthubutu kuzichoma. Akasema barua itaondolewa nikiweka kosa langu kwa maandishi. Maandishi ndiyo haya.

Jumapili iliyopita nilikwenda Cheyo, nyumbani kwa Mzee, nikamsomea wasifu huu hadi hapa, mkewe Mama Apolinaria akiwa anachambua mchele karibu yetu. Nilitegemea hasira, au machozi, au walau furaha kwamba jina lake limesafishwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza swali lake mwenyewe, umesikia nini. Akanijibu, “Nimesikia ng’ombe thelathini na wanane. Mwenyewe ameshasomewa?”

Hajasomewa. Basi Alhamisi tarehe 27, safari ya mwisho ya Mzee na gari lake ni ya Ziba, na abiria ni mimi. Nitamsomea Mzee Bundala karatasi hizi, nitalala kijijini, na asubuhi nitamuuliza amesikia nini. Atakalolisema nitaliandika lote, hata likijaza daftari.

Mzee Dionis, ofisi nzima inakushukuru, na mimi nakuomba radhi mbele yao wote. Jumamosi utakabidhiwa zawadi yetu, redio ya betri. Isikilize upendavyo, na sikio lako lichague litakacho. Tunakutakia mapumziko mema, wewe na Mama Apolinaria, na mlango wa Cheyo usikose mtu wa kuja kuulizwa ameona nini.

Tobias, karani mkuu