Bibi Alipokwama Tumboni mwa Nyangumi

Benchi lenyewe ni mbao mbili tu zilizowekwa juu ya matofali, zimeegemea ukuta wa duka la kona, chini kidogo ya dirisha la muuzaji. Mtu akikohoa dukani, benchi linasikia; benchi likisema, dukani wanasikia. Wenye benchi hawajali, maana hawajawahi kuwa na siri ikafika jioni. Upande wa kushoto hukaa Dobi, anayenukia pasi ya moto hata siku za mapumziko. Katikati hukaa Redio, fundi wa redio aliyepewa jina hilo si kwa kazi yake bali kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mwishoni kabisa, ubao unaponing'inia nje ya tofali, hukaa Mahakama, aliyefagia korido za mahakama ujana wake wote na kustaafu na hukumu zote kichwani. Mbele yao muuza kahawa huchutama na birika lake juu ya jiko la mkaa. Ijumaa hiyo jioni alikuja Fundi Bomba, akaketi bila salamu, akapewa kikombe, akabaki amekishika.

— Fundi, kahawa hainyweki kwa macho, — alisema Dobi.

— Mama mkwe anaondoka kesho.

— Hongera! — Redio akampiga begani.

— Hongera ya nini? Mimi sitaki aondoke.

Benchi zima lilimgeukia. Mwanaume asiyetaka mama mkwe wake aondoke ni jambo jipya, na kijiwe hupenda jambo jipya kuliko sukari. Mahakama alijisogeza.

— Eleza shauri lako, bwana. Usiruke kitu.

Fundi alieleza, na kitu kimoja alikiruka.

Jumapili iliyopita aliichukua familia yote, mke, watoto na mama mkwe, wakaenda kwenye ile bustani ya michezo ya maji iliyofunguliwa nje ya mji. Kuna meli ya maharamia inayorusha maji kwa mizinga, kuna mamba wa plastiki wanaokohoa mapovu, na kuna nyangumi mkubwa kama ghorofa. Unapanda ngazi za ubavuni, unaingia mdomoni, unateleza gizani ndani ya tumbo, kisha unatokea mkiani, pwaa, bwawani. Watoto waliogopa. Bibi yao hakuogopa. Alimkabidhi binti yake mkoba na viatu, akapanda ngazi akisema, “Nipisheni, mtu mzima naingia!” Akaingia. Mkiani hakutoka mtu.

— Alikwama, — alisema Fundi. — Katikati ya tumbo. Kijana mwenye filimbi, mlinzi wa bwawa, akatambaa kwa chini kwenda kumvuta, naye akakwama. Watoto wa watu wakawa wanapiga kelele, “Nyangumi kamkaba bibi! Nyangumi kamkaba bibi!”

— Ikawaje?

— Maji yakaja kwa nguvu, wakatoka wote wawili, mama kampakata yule kijana kama mtoto mchanga. Watu wakapiga makofi. Mama mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka. Ndipo kijana mwingine akashika kipaza sauti akatangaza bustani nzima: “Wateja wenye miili mikubwa wanaombwa watumie mtelezo wa watoto.”

— Lo! — Dobi alifumba macho.

— Toka hapo hajacheka. Chakula anagusa kijiko kimoja, anasukuma sahani. Mama yule, ambaye akicheka chumbani kwake, jirani anacheka kwake bila kujua sababu! Jana mtoto wangu wa mwisho kamuuliza, “Bibi, umekatazwa kucheka?” Akamjibu amechoka. Leo kafunga mizigo. Alikuja kukaa mpaka shule zifunguliwe. Anasema kawaaibisha wajukuu.

Fundi akajifanya anapuliza kahawa. Alimpenda mama yule, na hakuona haya kulisema. Siku ya posa, wajomba wa mkewe walipomcheka kwa matope ya viatuni, ni yeye aliyesimama akasema mwanaume anayeleta maji nyumbani kwa watu si mchafu. Hakumsahau kwa neno hilo.

Alichokiruka Fundi ni hiki. Wakati mama mkwe anapanda ngazi, yeye hakuwa bwawani. Alikuwa nyuma ya nyangumi, kwa sababu hawezi kuona maji yanakwenda asijue yanatoka wapi. Huko alikuta bomba linavuja kwenye kiungo, maji yanaruka ovyo, hakuna anayejali. Na fundi wa maji akiona bomba linavuja, mkono hutangulia akili: funga kwanza, uliza baadaye. Alitoa spana mfukoni, maana alikuwa amekwenda kuogelea na spana, akakaza koki ya bomba hilo mpaka ikalia. Akajifuta mikono, ameridhika kabisa. Aliposikia “Nyangumi kamkaba bibi,” ndipo akaelewa koki ile ilikuwa ya nani. Alirudi mbio akaifungua yote kwa mara moja, na maji yakaenda kwa hasira. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia mtu. Mkwe aliyemkaushia mama mkwe maji tumboni mwa nyangumi, atakwenda kuketi wapi na watu?

— Nisaidieni, — alisema. — Nataka sababu ya kumpa kabla hajalala. Sababu yoyote, mradi isiwe mwili wake.

— Rahisi, — alisema Dobi. — Alivaa nini?

— Gauni. Gauni lake refu.

— La pamba?

— La pamba.

— Basi kesi imekwisha! Pamba ikilowa, uzito wake ni wa mtu wa pili. Mimi nakamua mashuka kila siku, mgongo wangu shahidi. Mama yako hakukwama yeye, lilikwama gauni. Na pale hakuna sabuni. Wangemwaga sabuni kidogo, angetoka huyo mpaka barabarani!

— Gauni ndilo lilelile analovaa kila siku, — alisema Fundi. — Nikilisingizia, atasema limembana.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alitamka Mahakama.

Wote walimgeukia.

— Hiyo inaingiaje hapa? — aliuliza Dobi.

— Mgeni ni mama. Mwenyeji ni nyangumi. Mgeni alipokuja, mwenyeji alikuwa mgonjwa, ana kikohozi. Watoto wenyewe walisema kakabwa.

— Ukifa wewe, methali zitapumzika, — alisema Dobi.

— Jamani, msikilizeni mtu wa ufundi, — Redio alidaka. — Ile ni plastiki, sivyo? Plastiki na jua. Nina redio ya mteja iliachwa juani, ikavimba, stesheni zote zikahamia upande mmoja. Nyangumi alivimba kwa joto, utumbo ukajibana. Asubuhi mama angepita. Jioni angepita na sofa.

— Watoto wa watu walipita saa ileile, — alisema Fundi kwa unyonge.

— Watoto ni masafa mafupi! — Redio hakuyumba. — Tena ngoja. Siku hizi mitambo ina macho. Ukiingia, kompyuta inakupima: huyu mtoto, huyu kijana, huyu mlevi. Sasa ikamwona mama. Ikajua huyu ni mama mkwe wa mtu. Ikasimama.

— Isimame kwa nini?

— Kwa heshima! Wewe mama mkwe akipita, si unasimama?

Muuza kahawa, ambaye kwa kawaida husema bei tu, aliinua kifuniko cha birika akachungulia.

— Kahawa imebaki kidogo, — alisema. — Uongo naona bado mbichi. Kunyweni taratibu.

— Si uongo, ni utetezi, — alisema Mahakama. — Tena mimi namwachia huru sasa hivi. Kuteleza si kuanguka. Mama hakuanguka, wala hakuteleza. Ameshtakiwa kwa lipi?

— Ndiyo maana analia, hakuteleza! — alisema Dobi.

— Basi maji yakimwagika hayazoleki. Asahau.

— Pale yanazoleka, — alisema Redio. — Kuna pampu. Yakimwagika yanazolewa yanarudi juu. Methali yako haijafika kwenye bustani za maji.

Fundi alicheka kidogo, ikamuuma kwamba amecheka. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika spana. Tangu Jumapili haikuwa imemtoka mfukoni, na ilikuwa nzito kuliko gauni lolote la pamba.

— Nimepata! — Redio aliruka. — Mashindano! Mwambie yalikuwa mashindano ya siri. Mteja anayekaa ndani ya tumbo la nyangumi muda mrefu kuliko wote anatangazwa mshindi. Mama kashinda! Nina rafiki anachapa kadi za harusi, anatengeneza cheti leo hii, na mhuri. Malkia wa Nyangumi!

— Na yale makofi? — aliuliza Dobi, aliyekuwa ameanza kuamini.

— Makofi ya ushindi!

— Na kipaza sauti?

— Wivu! Mtangazaji alikuwa anamtaka mtu wake ashinde!

— Nakubali, — alisema Mahakama. — Cheti kikitoka nitakisaini. Saini za majaji nazikumbuka zote, zilikuwa kwenye karatasi nilizofagia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Fundi alikuwa anakaribia kukubali. Alijiona anaingia nyumbani na cheti, mama anakipokea, anatabasamu. Halafu akamwona mama anakisoma. Macho ya mama yule hayapitishi bandia. Alipokuwa anafungua kinywa aseme hapana, au pengine aseme ndiyo, sauti ilitoka dirishani juu ya vichwa vyao.

— Mwanangu, nipe na chumvi.

Kisha hatua, na mama mkwe akatokea kwenye pembe ya duka, kashika mkate wa safari, chumvi na kipande cha sabuni. Dobi alisimama. Redio alisimama. Fundi alisimama kwa haraka hadi kahawa ikamwagikia goti. Ubao, uliobaki na Mahakama peke yake mwishoni, uliinuka upande wa pili kama mizani, na Mahakama akateleza, na akaanguka.

— Shikamoo mama, — walisema wote, Mahakama akiwa chini.

— Marahaba, wanangu. Pole, baba. Umeumia?

— Sijaumia, mama. Ni… ni mteremko.

— Mimi nilifuata mahitaji tu, — alisema mama. — Lakini muuzaji alikuwa anahesabu chenji polepole, ana sikio moja huku. Basi nami nikatega. Nimesikia gauni. Nimesikia kompyuta yenye adabu. Nimesikia umalkia wangu. Ahsanteni kwa kunihangaikia. Wengine wangecheka.

Dobi aliangalia viatu vyake.

— Nina swali moja tu, — aliendelea mama. — Mtanisamehe, mimi sina ufundi wowote. Nyumbani karo ya jikoni ikiziba kwa mabaki, maji hujaa juu ya kizibo. Hayaendi, yanapanda tu. Sivyo?

— Sivyo… yaani ndivyo, mama, — alisema Redio.

— Haya. Mle ndani, kama mimi ndiye kizibo, maji si yangenijaa mgongoni? Yangenifika shingoni. Mimi nilikaa mle mgongo mkavu, mpaka gauni likaanza kunikauka. Sasa wanangu, maji yangu yalikwenda wapi?

Mahakama alitafuta methali akaikosa. Dobi alimtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianzishwe, alizimika. Muuza kahawa aligeuza birika, likadondosha tone moja, likaisha.

Hapa Fundi angeweza kunyamaza na swali lingekufa lenyewe. Mama angepanda basi kesho akiwa na swali lake na gauni lake, na huko kwake angejitazama kwenye kioo na kujijibu vibaya. Alitoa mkono mfukoni. Ulitoka na spana.

— Mama, — alisema. — Mwili wako hauna kosa. Maji niliyafunga mimi.

— Wewe?

— Niliona bomba linavuja kule nyuma. Nikakaza koki. Sikujua ni ya nyangumi. Niliposikia umekwama, nikafungua. Nimeshindwa kukwambia tangu siku hiyo. Nisamehe, mama. Nimekuacha ujichukie kwa kosa langu.

Mama mkwe aliitazama spana. Akamtazama mkwe wake, kuanzia kichwani mpaka kwenye goti lililolowa kahawa.

— Ulikwenda kuogelea na spana?

— Ndiyo, mama.

— Una kaptura, na spana?

— Ndiyo, mama.

Kilianza mabegani. Mabega yakatikisika, mkate ukatikisika, halafu kicheko kikatoka, kile kile kilichopotea tangu Jumapili, kikubwa, kisicho na breki. Dukani muuzaji akacheka bila kujua sababu. Mahakama akacheka akiwa bado chini. Fundi alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

— Kumbe koki! — alisema mama, akijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. — Mimi najinyima wali, kumbe koki! Shika mkate huu. Si wa safari tena, tutaula asubuhi.

— Huondoki, mama?

— Niondoke niende wapi, na Jumapili tunarudi kule? Watoto wote. Na yule kijana wa kipaza sauti utamweleza mwenyewe nani alikausha maji, kwa kipaza sauti kile kile, bustani nzima isikie.

— Nitamweleza, mama.

— Ukimaliza, utapanda ngazi uingie mdomoni.

— Mimi, mama? — Fundi aliukumbatia mkate. — Nitaingia.

— Na hiyo spana, — alisema mama mkwe, akinyoosha mkono, — nipe mimi. Jumapili nitakuwa nyuma ya nyangumi.