Fundi Kaloki, Aliyeusoma Moshi kwa Kitambaa

Mchungaji wetu, wazee wetu, mama zetu, nanyi jirani zetu wa Majoreni mliofika hapa kabla hata ya jamaa wa damu, shikamooni nyote na poleni. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 28 Agosti 1999, ni Kaloki Ndolo, kifungua mimba wa mzee Ndolo Muthoka na mama Munee, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1947 huko Mwala, Machakos, akaletwa Shimba Hills akiwa mtoto, amekaa juu ya mzigo wa sufuria na mbegu, wazazi wake walipopata shamba hili hili tuliposimama.

Alisoma shule ya misheni tangu 1957 hadi 1964, na tusimpambe kwa kuwa amelala: hesabu hakuzipenda, Kiingereza kilimpita kando, na kila mara alikuwa akitoroka darasani kwenda kuchungulia uvungu wa lori la mwalimu mkuu, akachapwa, na kesho yake akarudi uvunguni. Mwaka 1965 alianza kazi ya kuosha vyuma katika gereji moja ya Likoni, na mwaka 1979 akafungua gereji yake mwenyewe Ukunda, nyuma ya soko. Huko ndiko alikojulikana kwa kitambaa chake, maana kabla hajagusa spana aliwasha gari, akakishika kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa ekzosi, kisha akakitazama na kukinusa: yakiwa masizi meusi makavu, injini inabugia petroli; likiwa doa la mafuta, oili inaungua ndani. Vitambaa hivyo vilikuwa shuka za mkewe, na mkewe hakuwahi kulizoea jambo hilo.

Mke huyo ni Kaluki, aliyefunga naye ndoa katika kanisa la hapa tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu, Ndolo mwaka 1976, Kaindi mwaka 1979 na Munee mwaka 1984, na wote wako hapa mbele yenu.

Sasa, ndugu zangu, kuna wiki moja ambayo familia imekataa tuiruke. Mvua kubwa za mwisho wa 1997 ziliikata barabara ya Majoreni, na pikapu kuukuu ya Bi Mwanapili Boga, mchuuzi wa samaki, ikalala bandani miezi, na barabara ilipofunguka Machi 1998 ikatoka inafuka moshi wa buluu, ukisimama nyuma yake huoni mbele. Cheti chake cha ukaguzi kilikuwa kimekwisha, ilitakiwa ikaguliwe Mombasa Jumanne tarehe 10 Machi, na kwa moshi ule ingevuliwa namba palepale. Wala hapakuwa na mtu aliyefikiria samaki. Hasina, binti ya Bi Mwanapili, alikuwa mja mzito karibu na kujifungua, mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibikia njiani kwa kukosa gari la kumfikisha hospitalini Msambweni, na pale kijijini gari lilikuwa hilo moja tu.

Gari likaletwa kwa marehemu, na mafundi wenzake walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ringi za pistoni, zinazoizuia oili isifike motoni, zimekufa, injini ishushwe, na nafasi ya kuishusha haikuwapo. Wengine wakamnong'oneza amimine oili nzito, ifiche moshi siku ya ukaguzi, kisha Mungu ni mkubwa. Marehemu aliogopa, na hakuona haya kumwambia mkewe kwamba anaogopa, kwa kuwa oili nzito ingemdanganya mkaguzi mara moja, lakini haingemdanganya Hasina akiwa na uchungu katikati ya barabara ile. Siku hizo chakula chake kilikuwa kikitengwa na kuondolewa vilevile, hajakigusa.

Kitambaa kilitoka na doa la mafuta. Alipofungua kifuniko cha oili, injini ikampumulia usoni kwa nguvu kama chungu kilichochemka, hata yeye akaanza kuamini habari ya ringi, ila neno moja lilimkera: ringi hufa polepole, na Bi Mwanapili alikuwa akiapa Wallahi kwamba kabla ya mvua gari halikuwa na moshi. Basi akauchomoa ule mpira unaorudisha pumzi ya injini kwenye kabureta, injini ikiwa inanguruma, na pumzi ile kali ikatulia, na baada ya kitambo moshi ukaanza kupungua. Akautia mpira kinywani, akapuliza, hewa haikupita. Ndani mlikuwa na udongo mkavu, nyumba ya nyigu, na pumzi iliyokosa njia ndiyo iliyokuwa ikiisukuma oili ikaungue.

Bi Mwanapili alipoiona akaketi chini. Dereva wake alikuwa ameuacha mpira ule wazi alipoanika chujio la hewa, nyigu wakaingia, na alipotaka kuwatoa, Bi Mwanapili mwenyewe alimkataza, kwa kuwa bibi yake alimlea na neno kwamba nyumba ya nyigu haivunjwi katika boma lenye mja mzito. Dereva naye akaurudisha mpira mahali pake, na mgeni wake ndani. Mama wa watu alikuwa ameulinda ugonjwa wa gari akidhani anamlinda mwanawe.

"Fundi," akamwambia, "ukiivunja nyumba hiyo, na Hasina akapatwa na jambo, mimi na wewe tutatazamana vipi?"

Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, angeweza kucheka, na wako waliomcheka kwa kutokucheka. Alifuta mikono, akamjibu, "Mama, sitaivunja. Nitaihamisha."

Akakikata kile kipande chenye udongo, akakifunga kwa kitambaa chake, mdomo akauacha wazi, akamwagiza akitundike chini ya upenu, kisha akatia mpira mwingine aliouchomoa kwenye gari bovu. Siku ya ukaguzi alikwenda mwenyewe, na mkaguzi alipoinama nyuma ya ekzosi, akainuka, akaamuru injini ivumishwe tena, roho ya marehemu ilikuwa mkononi. Gari likapita. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tarehe 13, lilimfikisha Hasina Msambweni salama, akajifungua mtoto wa kiume, Nassir, ambaye ndiye mnayemsikia akilia hapo nyuma, na mwacheni alie.

Lakini mganga hajigangi. Yeye aliyesikia pistoni ikikohoa tangu barabarani alikohoa mwenyewe tangu Desemba 1998 akisema ni vumbi, Kaluki akambembeleza, akanuna, akalia, hadi Julai mwaka huu sentensi moja ilipomshinda mumewe kuimaliza kwa kukosa pumzi. Pikapu ile ile ndiyo iliyompeleka hospitalini, na njia nzima alikuwa ametega sikio kwenye injini badala ya kifua chake. Mapafu yalikuwa yamechoka mno, na Jumamosi tarehe 21 Agosti, saa tano asubuhi, alituaga akiwa hospitalini Msambweni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika na kukesha, mafundi wenzake wa Ukunda waliofunga gereji zao wiki nzima, na Bi Mwanapili, aliyekataa katakata jeneza hili libebwe na gari jingine.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijapakiwa, Kaluki alirarua shuka yake mwenyewe, akaomba injini ya pikapu iwashwe, akakishika kitambaa mbele ya ekzosi kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote, kisha akaogopa kukitazama. Alipokigeuza kilikuwa cheupe. Amemfumbatisha mumewe mkononi, naye amelala nacho.

Fundi, gari lako ni zima, nawe pumzika kwa amani.