Sichana Asitolewe Nyumba Hii

Qasim, sogea nikuone. Na wewe Shaheen, wacha hayo mapazia, kaa na kaka yako. Nisikilizeni wanangu, madhali ulimi bado wanitii, maana tangu asubuhi situlii, nageuka huku na huku, na kila nikifumba macho nawaona mnamfungia Sichana nguo zake mumrudishe kwao Mkokotoni.

Sichana, mke wa marehemu ndugu yenu, si mrithi wangu, sheria mnaijua, na ndiyo maana namuusia: chumba cha chini na jiko lake ni vyake, ndani ya thuluthi ninayoruhusiwa kuusia, na shekhe nshamwambia. Nyumba iliyobaki ni yenu. Msigombane.

Qasim, wasema kikohozi chake kimekwisha, anangoja nini? Anangoja mwili, baba. Alipotoka hospitali mabega yalikuwa mifupa mitupu, ngazi zetu akizipanda kwa mikono na magoti. Nyinyi mkamtengea sahani, mkimpelekea mabaki, naye dawa anazimeza kwa chai kavu, anatapika, mpaka nikamkuta anaficha vidonge chini ya mkeka. “Mama, zinanichoma, tumbo halina kitu,” akanambia. Nikashuka jikoni mwenyewe, na moyo wangu huu mbovu. Uji wa ulezi na karanga, mayai, choroko za nazi, samaki. Ale kidogo, apumzike, ale tena. Daktari akataka atembee, tukawa twenda naye mpaka Darajani, na siku hizi mimi ndiye ninayeomba tupumzike. Juzi kapandisha ndoo ya maji mpaka huku juu, anahema, anacheka.

Lakini dawa hajamaliza, na nguo bado zinamvuka. Huko kwao kabaki baba mzee, naye ni wa kulishwa. Nani atamsimamia ale?

Shaheen, wawaogopea wanao, sikulaumu. Ila makohozi yamepimwa, yako safi, na kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani.

Nipeni maji. Basi. Siku ya maziko yangu jikoni patakuwa na watu wengi, asisahauliwe. Mwiteni.

Sichana, kaa hapa, mwanangu. Umekula? Usinifiche. Leteni sinia. Shaheen, nawa mikono, ule naye, nione. Na wewe, Qasim.

Radhi zangu mnazo, nyote watatu… Mungu awape afya, awaweke pamoja… Mnyofolee samaki, Shaheen… hapo penye nyama. Ehe. Qasim, niache mkono… nshatosheka mimi. Mpe yeye.