Shamba la Jua, Shamba la Mihogo

Mukuka, kinyozi wa Kipushi, alikuwa anarudi nyumbani kwa basi kutoka Lubumbashi, na masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo dada mmoja, Exaucée, alikuwa anaalika basi zima kwenye mkutano wa Jumapili, ili watu waunge mkono shamba la paneli za sola la kuleta umeme.

"Mama, courant itakuwa kila siku," alimwambia mama Adolphine, aliyeketi kando yake. "Bantu bakikuya bengi, bakubwa batakubali."

"Jua iko ya bote, mutoto wangu. Lakini ile fasi munataka kuweka mapaneli, ni shamba yangu. Batoto bangu banakulaka kule."

"Batakupa fasi ingine, Mama."

"Hiyo ingine, mihogo iko imeshakomaa?"

Basi likacheka. Mukuka naye akacheka, ingawa moyoni alikuwa upande wa Exaucée. Juzi umeme ulikatika mteja wake akiwa amenyolewa nusu kichwa, akaenda harusini na kofia ya kuazima. Alitaka kulisimulia hilo, lakini alipomtazama yule mama, akalimeza.

Mama Adolphine akaomba kushuka njiani. Exaucée, ambaye safari yake ilikuwa bado haijaisha, akashuka nyuma yake.

"Unionyeshe kwanza hiyo shamba, Mama."

"Utachafula biatu."

"Bichafuke."

Basi likaondoka. Mukuka akageuza shingo, akawaona wakiingia kwenye mihogo, wote wawili wakisema kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa tayari kunyamaza wa kwanza.