Matundu Sabini na Mawili Tuliyoyaziba Jengo B

Mgeni rasmi, Mhandisi Wanjugu. Mwenyekiti wetu, Bwana Gitau. Majirani, na watoto mliojaa kwenye ngazi:

KARIBU

Miaka yote tumesoma risala zetu mkalimani akizikata nusu. Leo ofisi ya nyumba imetuletea mhandisi mzaliwa wa Nyeri, anayecheka kabla mkalimani hajafungua mdomo! Furaha yetu haifichiki. Mama Waceke anasukuma chapati tangu alfajiri. Karibu sana Jengo B, hapa St Marys, Sydney. Tunajua pia umekuja na kalamu, na kwamba mwisho wa mwezi huu utatia sahihi jengo hili libaki au livunjwe.

JENGO LENYEWE

Lilijengwa mwaka 1954, wakati nyumba zilikuwa adimu baada ya vita. Waashi wale hawakujenga ukuta mmoja. Walijenga kuta mbili za matofali, wa nje na wa ndani, wakaacha uwazi wa vidole vitatu katikati, kisha wakazishikanisha kwa vipande vya chuma. Mvua ikipenya tofali la nje, huteremka kwenye uwazi huo na kutokea chini, kwenye matundu yaliyoachwa makusudi bila saruji. Wenyeji huyaita matundu ya kulia. Ukuta unalia nje, ndani panabaki pakavu. Kazi hiyo iliendelea miaka sitini na zaidi, na sisi hatukuwa na habari.

KOSA LETU

Mgeni rasmi, hapa tumebishana wiki mbili, tuseme au tunyamaze. Tumeamua kusema.

Miaka minane iliyopita Jacky wa namba tano aliona buibui wa sumu, yule mwenye mgongo mwekundu, akiingia kwenye tundu. Kwetu sisi tundu ukutani ni nyoka, au panya, au vyote viwili. Jumamosi hiyo Wakenya wakaita harambee, Watanzania wakaita msaragambo, tukatoka na ndoo na mwiko, tukaziba matundu sabini na mawili. Ilikuwa siku tamu sana! Picha yake bado iko ubaoni. Na katika risala ya mwaka ule, chini ya Mafanikio, tuliandika: "Tumekarabati kuta zote kwa nguvu zetu wenyewe." Mgeni wa siku hiyo alitupigia makofi.

Mwaka uliofuata nyumba za chini zikaanza kuota ukungu. Mkaguzi alipokuja mwaka jana alikuta kuta zimelowa chapachapa, akaandika kwamba zimechoka na jengo livunjwe. Aliandika alichokiona.

Januari akahamia Lusekelo, fundi mwashi kutoka Mbeya, aliyeisomea kazi hiyo upya hapa Sydney. Siku ya pili tu akainama chini ya dirisha.

"Nani kaziba haya?"

"Ni sisi! Tulifanya harambee, bana," akajibu Gitau, kifua mbele. "Hata rat hapiti!"

"Basi ndugu zangu, mmeuziba ukuta pua."

BAADA YA KUZIBUA

Februari tuliingia kazini tena, safari hii na nyundo na patasi. Tundu la kwanza lilitiririsha maji dakika ishirini. Mama Waceke alipiga vigelegele, Gitau akavua kofia, na Égide wa namba tisa akaonyesha ukuta kwa kidole: "Voilà, mzee analia." Tangu hapo mvua kubwa zimenyesha mara tatu, na ndani hakuna hata tone!

Msomaji wa risala hii ni Dorothea wa namba mbili. Kwa miaka saba binti yake, Raheli, amelala sebuleni kwa sababu ya ukungu. Mwezi uliopita tulirudisha kitanda chumbani. Mtoto aligusa ukuta, akaukuta mkavu, akageuka: "Mum, it's dry. It's actually dry." Mama yake alilia, na sisi tulimsaidia kulia.

MAOMBI

Tunajua anayeharibu nyumba ya umma anaweza kuhamishwa. Kosa ni letu, si la waashi wa 1954. Tunaomba kuta zipimwe upya. Tunaomba pia matofali machache yang'olewe, uone kama vile vyuma vya katikati vimeliwa na kutu. Hilo hatulijui, na hatutaki kudanganya mgeni mara ya pili kwa risala. Vikiwa vimeoza, tutafunga mizigo bila ugomvi na kutawanyika kila mtu na kitongoji chake. Vikiwa vizima, tuachie nyumba zetu na tuachie majirani zetu.

Fanikio lile la miaka minane iliyopita tumelifuta kwenye kumbukumbu. Picha tumeiacha, maana siku yenyewe ilikuwa nzuri.

Mungu akulinde, akubariki kazini na nyumbani kwako. Chapati ziko tayari, lakini tunakuomba kwanza upite namba mbili, mlango uko wazi. Weka kiganja ukutani, pale kitanda cha Raheli kilipoegemea. Kalamu ije baadaye.

Ni sisi,
Wapangaji wa Jengo B, St Marys