Siku Niliyoulizwa Umri Gikomba

Wapendwa, mkiniona situlii kitini tangu ibada ianze, ni furaha. Jumatatu naanza kazi ya ualimu, darasa la nne. Basi nivumilieni niwaeleze nilikotoka.

Mimi ni mtoto wa Majengo. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama aliumia mgongo, akashindwa kubeba mizigo, kazi iliyotulisha. Tulikuwa wawili tu. Nikaacha shule, nikaenda soko la Gikomba kupiga pasi nguo za mitumba. Pasi yenyewe ya makaa, nzito, naishika kwa mikono miwili. Tajiri wangu, mama mmoja muuza blauzi, hakunitukana hata siku moja. Alininunulia chai. Ndugu zangu, nawaambia, ndiyo maana mwaka ulipita bila mtu kuona kosa. Hata mimi sikuliona. Ila watoto wa shule wakipita na sare, nilikuwa nageuza uso.

Siku moja akaja mteja, karani wa mahakama. Akaona nilivyoungua mkono, akaniuliza umri. Nikadanganya kumi na sita. Akauliza basi nilizaliwa mwaka gani. Hapo hesabu ikanishinda. Chekeni tu, hata yeye alicheka.

Kisha akamgeukia tajiri wangu, akamweleza kwamba sheria hairuhusu kuajiri mtoto.

"Mimi nilichuma kahawa ya watu nikiwa na miaka saba," tajiri akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

"Ndiyo maana sheria iliandikwa, mama," karani akamjibu taratibu. "Kwa ajili ya watoto kama wewe."

Tajiri wangu akaketi juu ya belo la mitumba, akalia. Nami nikalia, nikijua kazi imeisha na mama atalala njaa. Kumbe kesho yake tajiri alifika kwetu asubuhi. Akampa mama yangu kazi ya kushona vifungo, aifanye ameketi. Mimi akanishika mkono hadi shuleni.

Darasani nilikuwa mrefu kuliko wote, wakanicheka wiki nzima. Wiki ya pili mwalimu akanisimamisha nisome. Nikasoma ukurasa wote bila kukwama, wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Asante, mama yangu. Asante, tajiri wangu, uliye hapa leo na leso mbili, na moja tayari imelowa. Karani sikumwona tena. Mungu amtunze popote alipo.

Nanyi, mkimkuta mtoto kazini siku ya shule, msimpite. Muulizeni umri. Kisha muulizeni nyumbani kuna nini, mkamsaidie na mzazi wake.