Ambrose Thirkell wa Thornmere, Aliyemkana Gervase

Marehemu Ambrose Thirkell, Bwana wa Thornmere na mshauri wa mfalme, alimkana mume wangu Gervase Fewster mbele ya hakimu, na Gervase akanyongwa kama mwizi wa farasi. Nimelitanguliza hilo ili mema yanayofuata yasidhaniwe ni kujipendekeza. Mimi sikusoma, karani wa kanisa ameandika nilivyotamka, naye anayasoma hapa mazikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1617 katika jumba la Thornmere. Mabibi wa daraja lile hawanyonyeshi, kwa hiyo aliletwa kwa mama yangu, tukanyonya ziwa moja, yeye na mimi Tabitha. Alikaa kwetu miaka mitatu. Aliporudishwa jumbani alivalishwa fulana ya sufu, akaivua na kuitupa kisimani. Sufu ilimwasha maisha yake yote.

Alifundishwa nyumbani, kisha akaenda Oxford mwaka 1633. Mwaka 1638 alimwoa Bibi Philippa Vesey, aliyekuwa mkali kuliko yeye, naye akafurahia kutawaliwa hadi bibi alipofariki.

Mfalme wa zamani alipokatwa kichwa, marehemu, aliyekuwa mfuasi wake, aliachwa nyumbani kwa sharti kwamba asimwandikie mwana wa mfalme aliyekuwa ng'ambo. Alimwandikia. Gervase, fundi wa matandiko ya farasi, alizishona barua ndani ya tandiko na kuzipeleka pwani. Septemba 1650 alikamatwa akiwa juu ya farasi wa marehemu. Barua hazikuonekana, ila farasi alijulikana. Hakimu akamwita marehemu.

"Ulimtuma mtu huyu?"

"Sikumtuma. Farasi kaibiwa."

Gervase angeweza kujiokoa kwa kusema kilichokuwa ndani ya tandiko. Hakusema. Alizikwa nje ya ukuta wa kanisa, penye miiba.

Mfalme mpya aliporudi mwaka 1660, marehemu aliitwa barazani London. Alifanya kazi kwa bidii, na maskini wa Thornmere hawakulala njaa. Mwaka 1666 aliunga mkono sheria ya kuzika kila maiti kwa sanda ya sufu, ili wafugaji wa kondoo wapate soko.

Nikamwambia, "We Ambrose, umejitungia upele wa kaburini!"

"Maiti hajikuni, dada," akacheka.

"Na Gervase je? Utamsafisha lini?"

Kicheko kikakatika. "Nikilisema hilo, wataniuliza na mengine niliyoyakana. Ningoje kidogo."

Tangu mfalme arudi hadi mwaka huu, nilimngoja miaka tisa.

Jiwe la kibofu lilimshika Pasaka ya mwaka huu, 1669. Aliogopa kisu cha tabibu. Nilimuuguza mimi, kwa kuwa hakutaka mkono mwingine. Tarehe 9 Novemba alimwita mwanawe Lionel, akasema mbele yangu: "Gervase nilimtuma mimi. Litangaze kanisani, na umhamishie ndani ya ukuta." Lionel akajibu, "Ndiyo, baba." Siku mbili baadaye alfajiri, tarehe 11, marehemu alikata roho akiwa ameshika mkono wangu. Nilimpenda, na bado nampenda.

Ameacha mwana, Lionel, binti, Honor, wajukuu wawili, na mimi, dada yake wa ziwa.

Mungu ampe usingizi mwema. Lionel, Bwana wetu mpya, Gervase anakudai maneno yale ya baba yako, yasemwe hapa watu wakisikia, na kaburi ndani ya ukuta huu. Wachimbaji bado wameshika majembe.